Niachie Gari Lilale Hapa

Ukitaka nikusikilizie cheni ya injini, niachie gari lilale hapa. Sina nia ya kukuchelewesha. Cheni iliyolegea husema asubuhi tu, injini ikiwa imepoa hadi ndani, tena husema kwa sekunde mbili tatu kisha ikanyamaza kutwa nzima. Ukiniletea gari saa tano mchana, limetoka Kyumbi na moto wake, nitasikia injini nzuri, nitakuambia haina neno, nawe utakwenda zako ukinisifu kwa kazi ambayo sikuifanya.

Karakana yangu ni mabati na nguzo za mikaratusi, upande wa mji wa Machakos unaotokea barabara ya Kitui. Msimu wangu wa kusikiliza ni Juni hadi Agosti, baridi ya vilima vya Iveti inaposhuka mjini na oili kuwa nzito kwenye sampu, beseni lake la chini ya injini. Saa kumi na mbili na nusu, wenye magari wakiwa bado hawajafika, kijana wangu wa kazi huketi kwenye usukani akingoja ishara. Mimi huwa nimeinama juu ya injini upande wa dereva, maana kwenye Toyota hizi ndogo ndiko cheni iliko. Nainua kidole: washa. Injini yenye afya hushika na kutulia. Yenye cheni mbovu hutoa mkwaruzo mkavu nyuma ya kava la mbele, krrrr, chuma na plastiki vikipigana, halafu oili inafika na kelele inakatika palepale.

Kukatika huko ndiko kunakowadanganya watu. Dereva husema ni baridi tu, injini inajinyoosha. Kumbe kinachosikika ni tenshona ikiwa haina kitu tumboni. Tenshona ni kipande kidogo chenye bomba la chuma ndani, na kazi yake ni kuusukuma mwongozo wa plastiki ulioinama ili nao uikaze cheni. Nguvu yake inatoka kwenye presha ya oili. Gari likilala, oili inashuka sampu. Likiwashwa, kuna kitambo ambacho presha haijapanda. Katika kitambo hicho tenshona nyingi hutegemea springi na vijino vya ndani vinavyoizuia isirudi nyuma. Cheni ikiwa imerefuka kupita kiasi, au vijino hivyo vimelika, au tenshona imejaa uchafu, hakuna cha kuizuia cheni isirukeruke.

Wateja wangu wengi wanaendesha Probox, Fielder, Vitz, Premio au Axio, na ukifungua boneti mara nyingi unakutana na injini moja au ndugu yake: 1NZ-FE, lita moja na nusu, ambayo Toyota walianza kuitoa mwishoni mwa miaka ya 1990. Probox yenyewe ilizaliwa mwaka 2002. Hapa kwetu imekuwa teksi, gari la shamba, gari la harusi, na pia usafiri wa Masii, Mwala na Wamunyu ukiwa na abiria ambao idadi yao sitaitaja, kwa sababu polisi nao wanasoma majarida.

Corolla 110 zilizotangulia, zile za injini ya 5A, zilikuwa na mkanda wa mpira mahali pa cheni. Mkanda ulikuwa na tarehe yake: ukifika kilomita 100,000, ubadilishwe. Ilipokuja cheni, wauzaji wakaanza kusema hii haibadilishwi maisha yote ya gari. Nami huuliza, maisha yapi? Gari likiwa limetumika Japani, sheria yetu ya viwango inataka liingie Kenya kabla halijapitisha miaka 8 tangu liliposajiliwa mara ya kwanza. Mjapani aliyeliendesha kazini na kurudi nyumbani juu ya lami alimaliza maisha yote anayoyajua yeye. Maisha ya pili yanaanza hapa, na hayo ndiyo marefu.

Sasa nieleze kazi ya cheni kwa asiyewahi kuona injini ikiwa wazi. Chini kuna kranki, inayozungushwa na pistoni. Juu kabisa kuna kamshafti mbili. Moja inafungua valvu za kuingiza hewa na mafuta, nyingine zile za kutoa moshi. Kranki ikizunguka mara mbili, kamshafti zinazunguka mara moja. Cheni ndiyo inayolinda mapatano hayo. Ukiwa kwenye barabara ya Mombasa, injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, kila valvu inafunguka na kufunga mara 25 kwa sekunde moja, na pistoni inapanda juu mara 50, ikitegemea kwamba valvu imeshaondoka njiani. Cheni ikikatika au kuruka meno kadhaa, katika injini nyingi za kisasa pistoni huzikuta valvu bado ziko pale. Valvu zinapinda, na kuanzia hapo mazungumzo yetu ni ya silinda hedi, si ya cheni tena.

Watu husema cheni imevutika. Chuma kile hakivutiki. Nyanya yangu alikuwa na mkufu wa shaba wa pete ndogondogo, kazi ya wafua vyuma wa Ukambani wa zamani, ambao mikufu yao myembamba ilisifika hata kwa majirani. Mkufu ule ulirefuka kadiri alivyouvaa. Ukiukaribia machoni unaona siri yake: kila pete ilikuwa imelika pale inapogusana na mwenzake. Cheni ya injini nayo hulika hivyohivyo, kwenye pini na tundu lake. Kiungo cha cheni ya 1NZ kina hatua, yaani umbali wa pini hadi pini, ya milimita 8. Tuseme kila pini na tundu lake vimelika milimita 0.04, kiasi ambacho jicho halikioni. Viungo 100 vinakupa milimita 4. Hiyo ni nusu ya hatua nzima, nusu ya jino la sproketi, lile gurudumu la meno linaloshika cheni.

Hapa ndipo ninapotofautiana na mafundi wenzangu wengi. Wao wanahukumu kwa sikio peke yake. Lakini cheni ina pande mbili: upande unaovutwa na kranki, ambao daima umekazwa, na upande wa kurudi, ambako tenshona inakaa. Urefu uliozidi upande wa kurudi, tenshona inaumeza, wala hutausikia. Urefu uliozidi upande unaovutwa hauna wa kuumeza, unaichelewesha kamshafti. Kwa hiyo tenshona nzuri inaweza kuficha ulegevu kwa miaka, lakini haiwezi kuficha uchelewaji. Injini inaweza kuwa kimya na cheni imekwisha. Inaweza pia kupiga kelele za kutisha na cheni ikawa nzima.

Juu ya hilo la pili, nina mfano wa mwalimu mmoja kutoka Mutituni. Aliniletea Fielder pamoja na karatasi ya spea aliyoandikiwa kwingine: cheni, tenshona, miongozo, sproketi, gasketi, oili.

“Fundi, nimeambiwa nisiiendeshe hata hadi sokoni,” akasema.

“Pole, mwalimu. Kelele inakuja saa ngapi?”

“Haina saa. Nikiwasha ipo, mchana ipo, nikipanda Mutituni ipo.”

“Na ukizima kidogo ukawasha tena?”

“Ileile.”

Kelele isiyojua asubuhi wala mchana, siianzi na cheni. Nilifungua mkanda wa nje, ule unaozungusha alteneta na wota pampu, nikawasha injini bila huo mkanda kwa muda mfupi tu, maana bila wota pampu maji hayazunguki. Kimya. Nikazima, nikaishika puli ya wota pampu nikaitikisa: inacheza. Beringi ilikuwa imekwisha. Tulibadilisha wota pampu na maji, na karatasi ile ya spea mwalimu akaifanya ya kuandikia mahesabu mengine.

Kuna kelele nyingi zinazosingiziwa cheni. Bati la kukinga joto la ekzosi likilegea hucheka vizuri sana injini ikiwa baridi. Injekta nazo hugonga tikitiki kwa asili yao. Kifaa kilicho mbele ya kamshafti, kile kinachobadilisha muda wa valvu na ambacho Toyota wanakiita VVT-i, kinaweza kukwaruza kwa sekunde moja asubuhi kikipoteza oili, na sauti yake inafanana mno na ya cheni. Mimi hutumia bisibisi ndefu: ncha kwenye chuma, mpini kwenye mfupa nyuma ya sikio. Naigusisha kava la mbele chini, katikati, juu. Halafu alteneta, halafu wota pampu. Mahali sauti inapojaa ndipo pa kuanzia. Nywele na shali zifungwe kabla ya kuinama, mkanda wa nje hauna huruma.

Kabla ya spana yoyote, chomoa kijiti cha oili. Ninashangaa jinsi jambo hili linavyorukwa. 1NZ inachukua lita 3.7 pamoja na filta. Ikibaki na lita mbili, presha inayumba kwenye kona na kwenye mlima, tenshona inalegea, na cheni inakwaruza hata ikiwa nzuri. Nimeyaona magari yakinyamaza kwa kuongezwa oili peke yake. Ikinyamaza hivyo usishangilie sana; tafuta oili inaenda wapi.

Sasa nije kwenye Probox moja ya Masii, ambayo kelele yake ilikuwa ya cheni kweli. Mwenyewe ni mzee wa makamo, dereva ni mpwa wake. Mpwa alisema gari limeanza kuchoka kwenye mlima, linawaka kwa shida, na taa ya injini imewaka tangu wiki iliyopita. Nilichomeka kifaa cha kusomea kompyuta ya gari kikatoa P0016. Namba hiyo haimaanishi “badilisha cheni”, ingawa wapo wanaoisoma hivyo. Maana yake ni kwamba kompyuta inalinganisha habari za sensa ya kranki na za sensa ya kamshafti na kuona hazikubaliani. Sensa mbovu inaweza kuileta. Valvu ya oili ya VVT-i ikiziba inaweza kuileta. Cheni iliyorefuka pia. Namba inakuonyesha mlango. Kuingia ni juu yako.

Kijiti cha oili kilitoka kikavu nchani. Tuliongeza, gari likalala, asubuhi krrrr ileile, ndefu kuliko nilivyotarajia. Basi nikafungua tapeti kava. Ndani kulikuwa na utope mweusi umejikusanya kwenye pembe zote, harufu ya kuungua, na cheni yenyewe inang'aa pale tu inapopita kwenye meno.

Ukaguzi wenyewe ni huu, na mwenye gari anaweza kusimama kando akaufuata. Plagi zinatolewa ili injini izunguke kwa mkono bila kupigana na presha. Spana inashika bolti ya puli ya kranki, na injini inazungushwa kwa upande inaouzungukia yenyewe, mwendo wa saa, polepole, hadi mkato wa kwenye puli uikute sifuri ya kwenye kava. Usirudishe nyuma hata kidogo. Ukipita, zungusha tena mizunguko miwili, ukaribie upya kutoka upande uleule. Ukirudisha nyuma ulegevu unahamia upande usiofaa na alama zinakudanganya. Halafu tazama juu. Kila sproketi ya kamshafti ina alama yake. Zikiwa zimeangalia chini, kranki iko kwenye mzunguko wa pili; ongeza mzunguko mmoja kamili. Sasa linganisha.

Mkato wa puli usiuamini peke yake. Puli za siku hizi nyingi zina mpira kati ya pete ya nje na kitovu, na mpira ukichoka pete ya nje huteleza, mkato ukahama nao. Ndiyo maana huwa naingiza kijiti chembamba kirefu kwenye tundu la plagi ya kwanza, taratibu, nikihisi pistoni ikipanda, ikisimama, ikianza kushuka. Pale inaposimama ndiyo sifuri ya kweli.

Kwenye gari la Masii, pistoni ilisimama juu na mkato ukasema sifuri, lakini alama za kamshafti zote mbili zilikuwa nyuma, karibu nusu jino. Zote mbili, kwa kiasi kimoja. Ingekuwa moja tu, ningeanza kushuku kile kifaa cha VVT-i. Nilibonyeza cheni kwa kidole kati ya sproketi mbili za juu, ikainuka na kushuka. Nikamwita mpwa naye abonyeze.

“Hiyo ndiyo imenilia mafuta yote haya?” akauliza.

“Na nguvu ya mlimani. Valvu zinafunguka zimechelewa.”

“Mjomba atasema nimeiharibu mimi.”

“Mjomba aje nimwonyeshe oili yake.”

Kwenye 1ZZ-FE, injini ya lita 1.8 ya rika moja na hii, tenshona imefungwa kutoka nje kwa nati mbili, na ukiitoa unaona imetokeza kiasi gani; ikiwa imefika mwisho wa safari yake, cheni imejibu swali. Kwenye 1NZ tenshona imefichwa nyuma ya kava la mbele, kwa hiyo alama ndizo mtihani wa kwanza, na kava ni la kufunguliwa pale alama zinapokuwa zimeshatoa hukumu. Kufungua kava “tuone tu” ni kazi ya kutwa inayolipwa na mtu asiyejua kama alihitaji kuilipa.

Kava likiwa nje, kipimo cha mwisho ni cha urefu. Toyota wanataka cheni ivutwe kwa nguvu ya kilo 14 au 15 hivi, kisha urefu wa viungo 16 upimwe kwa kalipa, mahali patatu au zaidi pasipofuatana, na kila kipimo kilinganishwe na kitabu cha injini hiyo. Mizani ya kuning'iniza, ile wanayopimia mbuzi na maharagwe, inafaa kabisa kwa kuvuta. Kalipa lazima iwe nzuri, maana nusu asilimia ya milimita 120 ni milimita 0.6, na ugomvi wote uko ndani ya nafasi hiyo. Asiye na kalipa anaweza kuishika cheni kiubavu, mikono miwili, kama ya zamani na mpya ziko pamoja: mpya inabaki karibu kunyooka, ya zamani inajikunja chini kwa uzito wake. Hicho si kipimo cha kuandika kwenye karatasi, lakini mwenye gari akikiona haulizi swali la pili.

Ya Masii ilijikunja. Mwongozo wa plastiki ulikuwa na mifereji miwili, na vipande vyake tulivikuta kwenye chujio la oili ndani ya sampu, vimeziba sehemu ya njia. Hapo mduara unakuwa umekamilika: cheni inakwangua plastiki, plastiki inaziba oili, oili haifiki kwenye tenshona, cheni inazidi kulegea.

Mjomba wangu mwenyewe, aliyenifundisha kazi hii, hakupima cheni hata siku moja. Alikulia kwenye Peugeot 504, zile ndefu za mlango wa nyuma zilizobeba watu wa Ukambani kabla ya Nissan na Hiace, na ambazo heshima yao iliongezeka mwaka 1975 Ove Andersson alipoishindia Peugeot Safari Rally kwa 504. Kamshafti ya injini ile ilikaa chini, ubavuni mwa bloku, ikisukuma valvu kwa vijiti virefu. Cheni basi ilikuwa fupi, viungo vichache, hapa na hapa. Ilibadilishwa siku ya ovaholi bila mjadala. Cheni ya leo inapanda kutoka kranki hadi kichwani mwa injini, inazizunguka kamshafti mbili, inashuka tena. Viungo vya kulika ni vingi, na kila kimoja kinaishi kwa oili.

Oili yenyewe tuihesabu, kwa sababu wateja wangu huhesabu kwa miezi. Kutoka hapa hadi Nairobi ni kilomita 60 na kitu. Gari linalokwenda na kurudi mara mbili kwa siku linakula karibu kilomita 250. Ukimwaga oili kila kilomita 5,000, hiyo ni siku 20. Si miezi mitatu. Katika miezi mitatu gari hilo limepita kilomita 20,000 kwa oili ileile, na masizi yaliyomo humo yanafanya kazi ya msasa kwenye kila pini. Wale wa Masii na Mwala hawafiki mbali hivyo, lakini wanasimama kila jiwe, vumbi ndiyo hewa yao, na mzigo ni ule niliokataa kuutaja. Filta nayo ina neno lake: nzuri ina kiwambo cha mpira kinachozuia oili kumwagika yote gari likilala. Ya bei ya kutupa, kiwambo chake hukakamaa upesi, na asubuhi tenshona inangoja oili isafiri kutoka chini kabisa.

Usifikiri ni shida ya Probox na ya masikini. Nchini Marekani, wenye magari ya Volkswagen na Audi walifungua kesi New Jersey mwaka 2016 kuhusu cheni na tenshona za injini zao, na mwaka 2018 pande mbili zikafikia maafikiano. BMW nao kwenye dizeli yao ya N47 waliweka cheni nyuma, upande wa gia boksi, kwa hiyo kuifikia ni kuitoa injini au gia boksi kwanza. Magari haya yote yanapita hapa Machakos. Kwa Golf na Passat za TSI za miaka ile ninalo onyo moja la watu wa vilimani: usiliegeshe gari la gia za mkono kwenye mteremko likiwa kwenye gia bila breki ya mkono. Gari likijisukuma kidogo linaweza kuizungusha kranki kinyume, tenshona isiyozuia vizuri inarudi nyuma, na cheni inaruka jino siku ukiwasha. Wageni wanaokwenda Kyamwilu kushangaa gari likipanda kilima lenyewe wasiwe na hofu. Huko huwa wako nyutro.

Na si kila injini ina cheni, uliza kabla ya kuingia gharama. Hiace na Hilux za dizeli za 1KD na 2KD zina mkanda. Za petroli za 1TR na 2TR zina cheni. Nissan Note na Tiida za HR zina cheni. Subaru za EJ, mkanda. Za FB zilizofuata, cheni. Mkanda haupigi kelele wala kuchelewa. Unakatika tu, kwa hiyo huo ufuate kilomita zake.

Ikifika kubadilisha, simkubalii mtu cheni peke yake, wala cheni iliyotolewa kwenye injini ya eksi-Japani, kwa sababu hakuna ajuaye ilikunywa oili gani. Cheni mpya kwenye sproketi zenye meno yaliyochongoka italika upesi kuliko ile uliyoitoa. Vinakwenda pamoja: cheni, tenshona, miongozo yote, sproketi zilizolika, na sili ya mbele ya kranki. Silikoni ya kufungia kava ipakwe mstari mwembamba. Fundi anayeijaza hadi ifurike pembeni, ajue imefurika ndani vilevile, na kile kinyuzi kitakatika kiende kwenye chujio la oili.

Jambo moja huwatoa wanafunzi wangu jasho. Cheni mpya huja na viungo vichache vyenye rangi, vya kupangia kwenye alama. Ukishafunga unazungusha kranki kwa mkono mizunguko miwili kamili kuhakikisha hakuna kinachogonga, na ukitazama tena, viungo vya rangi vimehama. Kijana wangu alitoa macho akaanza kulegeza bolti. Nilimzuia. Alama za sproketi zimerudi mahali pake, na hizo ndizo zinazohesabika. Viungo vya rangi vitazikuta tena baada ya mizunguko mingi sana, nasi hatuna kazi navyo tena.

Gari la Masii liliwaka bila krrrr. Mzee alikuja mwenyewe kulichukua, nikamwekea cheni ya zamani na ile ya boksi mezani, kiubavu, bila maneno. Alizinyanyua moja moja, akamtazama mpwa wake, akaniuliza oili inamwagwa baada ya kilomita ngapi. Nikaandika namba kwa kalamu ya rangi kwenye kona ya kioo, ndani, mbele ya dereva. Cheni kuukuu aliichukua. Alisema lango la mbuzi halina mnyororo.